Neno "Tosha" ni la Mlaji

Kwa watu wa Pwani neno "tosha" lina mwenyewe. Mpakuaji hupakua, mmiminaji humimina, lakini asemaye "yatosha" ni yule aliyekaa mbele ya sinia. Mpishi akitangaza kwamba chakula kimetosha kabla hakijamfika mgeni, waliopo hutazamana. Wajua kwamba anachokieleza si shibe ya mgeni, ni upungufu wa jikoni.

Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, neno hilo lilihamishwa kinywa. Mbele ya umati uliofurika, Raila Odinga alitamka maneno mawili ambayo Kenya nzima iliyadaka: "Kibaki tosha." Mpenzi wa lugha hakosi kuona kwamba kitenzi kile kilisimama kitupu, bila ya kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Nani atosha, amtosha nani, na kwa kipimo cha nani? Sarufi ile pungufu ilisema ukweli ambao shangwe ziliufunika: mtendwa hakutajwa kwa sababu hakuulizwa. Wapo watakaojibu kwamba umati uliulizwa, nao ukaitika. Lakini kuitika si kuchagua. Kibwagizo huitikiwa na ukumbi mzima, ilhali beti zimekwishatungwa na mmoja.

Itakumbukwa pia ni jambo gani lililowakusanya watu pale. Rais Daniel arap Moi alikuwa amemteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, na siku ileile wajumbe wa KANU walikuwa Kasarani wakiuidhinisha uteuzi huo. Mawaziri na vigogo waliokihama chama walilalamika kwamba mtu mmoja hana haki ya kuwachagulia mgombea watu wote. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki tupu. Miongoni mwa wahamaji hao walikuwamo kadhaa walioutaka urais, na hapakupigwa kura yoyote kati yao. Dhuluma ya mtu mmoja kuchagua ikajibiwa kwa mtu mmoja kuchagua, na tofauti pekee ikawa kwamba mara hii watu walifurahi.

Watetezi wa mtindo huu hawakosi jawabu. Husema: mbona ulifaulu? Mwai Kibaki alishinda tarehe 27 Desemba 2002 kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, na KANU ikaondoka madarakani baada ya miaka 39. Hilo ni kweli, na atakayelikana atakuwa anapigana na historia. Swali ni la gharama. Ushirika ule wa NARC ulisimama juu ya mkataba wa maelewano uliotiwa saini na wakubwa wachache mwezi huohuo wa Oktoba, na raia wa kawaida hakuonyeshwa hata ukurasa wake mmoja. Upande wa LDP ulisema mkataba uliahidi nusu ya baraza la mawaziri na cheo cha waziri mkuu. Upande wa pili haukukubali kubanwa nao. Nani angeamua? Hapakuwa na shahidi. Mnamo tarehe 21 Novemba 2005 pande hizo mbili zilisimama mkabala katika kura ya maoni juu ya katiba. Siku mbili baadaye Rais alilivunja baraza zima, na mawaziri wa LDP waliompinga hawakurudi. Waliopeana mikono mwaka 2002 wakakutana tena mwaka 2007 kama mahasimu, na fujo zilizoufuata uchaguzi huo zikaondoka na roho za watu zaidi ya 1,100. Si haki kuutwika mkataba mmoja msiba wote ule, kwani visababu vyake ni vingi na vingine ni vya kale. Lakini ni haki kusema kwamba ufa ulianzia chumbani, mahali ambapo jicho la mpiga kura halikufika.

Mtu angedhani somo lile limeingia. Desemba 2012 ikaja kuonyesha vingine. Uhuru Kenyatta alitia saini makubaliano ya kumwachia Musalia Mudavadi nafasi ya kuwania urais kwa niaba ya ushirika wa Jubilee. Mwezi huohuo mkataba ukakanwa, na wananchi wakaelezwa kwamba ulitiwa saini kwa shinikizo la nguvu za giza. Mudavadi akatoka na kundi lake, na Machi 2013 akaambulia takriban asilimia 4 ya kura. Hapa hapana haja ya kubishana ni yupi kati ya wawili hao aliyefaa zaidi. Linalotisha ni hili: nchi ya mamilioni ya wapiga kura ilipewa mgombea, ikanyang'anywa, ikapewa mwingine, na katika hatua zote tatu hakuna raia aliyeulizwa jina lake wala rai yake.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, Tanzania, ilijipatia funzo lake mwaka 2015. Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA, ulizaliwa ndani ya Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, pale CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi zilipotoka bungeni pamoja kuitetea rasimu. Ulikuwa ushirika wenye hoja, na hoja hiyo ilikuwa na mvuto Bara na Visiwani. Kisha Julai 2015 Edward Lowassa alikatwa jina na CCM huko Dodoma. Tarehe 28 ya mwezi huohuo alijiunga na CHADEMA, na wiki moja baadaye akawa mgombea wa ushirika mzima. Viongozi wa chama hichohicho walikuwa wamemshutumu majukwaani kwa miaka. Dakta Willibrod Slaa, aliyekipeperushia chama bendera mwaka 2010, akajitenga. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF.

Lowassa alipata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, na hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kuhesabiwa kura nyingi hivyo kabla yake. Huenda wafuasi wa UKAWA, lau wangeulizwa, wangemchagua yeye yule. Na hapo ndipo palipo kiini cha hoja. Lau wangemchagua wao, Dakta Slaa na Profesa Lipumba wangekuwa wameshindwa na umma, na kushindwa na umma hakumvunjii mtu heshima. Kwa kuwa waliamuliwa chumbani, kila mmoja alibaki na haki ya kuamini kwamba amedhulumiwa.

Wa Visiwani ndio waliolipa deni kubwa. Profesa Lipumba alirudi mwaka 2016 kukidai kiti chake, Msajili wa Vyama akamtambua, na CUF ikagawika makundi mawili yaliyokutana mahakamani kwa miaka. Machi 2019 hukumu ilipomwangukia Maalim Seif Sharif Hamad, yeye na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo. Chama ambacho mzee wa Pemba alikilinda tangu mwaka 1992, akakivumilia kwa shida zote zinazojulikana, kilimponyoka. Bendera zilishushwa na paa za matawi zikapakwa rangi mpya. Mgogoro ule nao una mizizi mingi, lakini mlango wake wa kuingilia ulikuwa Agosti 2015, na mlango huo ulifunguliwa kwa uamuzi ambao mzee yule wa Pemba hakuhudhuria.

Utamaduni wa Pwani unalijua jambo ambalo wanasiasa wamelisahau. Ndoa haifungwi bila ya mashahidi, hata kama bwana na bibi wamependana kupita kiasi. Mashahidi hawawekwi kwa sababu wanandoa ni waongo. Wanawekwa kwa sababu siku ya ugomvi itakuja, na siku hiyo kumbukumbu ya kila mmoja itamwelemea mwenyewe. Ushairi nao haukukubali hukumu ya chumbani. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji alizitia siasa za Mombasa katika beti, na beti hizo zikahifadhiwa na midomo ya watu kwa muda mrefu kabla ya kuingia vitabuni. Shairi la kujibizana hutolewa hadharani, hujibiwa hadharani, na baraza ndilo linalosema nani amelemewa. Ni ajabu ya Musa kwamba watu wenye ada hii katika maneno wamekubali kuikosa katika utawala.

Kura ya mchujo ndiyo shahidi huyo. Maana yake ni kwamba vyama vilivyoungana huwaita wafuasi wao wote kumchagua mgombea mmoja, na kila chama huahidi mapema kwamba kitamfuata atakayeshinda. Wale wanaoiita ndoto ya vitabuni yafaa watazame Chile. Nchi hiyo iko mbali, lakini ushirika wake wa vyama ulikabiliwa na mtihani uleule wa NARC na UKAWA, nao ulifaulu ulipowauliza watu na ukaanguka ulipowanyima nafasi.

Ushirika huo, ulioitwa Concertación, uliwaunganisha watu waliokuwa na damu mbaya. Wasoshalisti walikuwa chama cha Salvador Allende, rais aliyepinduliwa na wanajeshi tarehe 11 Septemba 1973. Wakristo Demokrasia walikuwa wapinzani wake wakali hadi siku za mwisho. Baadaye wote walikutana chini ya kiatu cha Augusto Pinochet, wakaungana kumshinda katika kura ya Oktoba 1988. Mei 1993 waliwaita wanachama na wafuasi wao kuchagua mgombea. Eduardo Frei wa Wakristo Demokrasia alimshinda Msoshalisti Ricardo Lagos kwa asilimia 63. Lagos hakuhama wala hakununa. Alikubali wizara ya ujenzi katika serikali ya mshindani wake akaitumikia kuanzia 1994 hadi 1998. Tarehe 30 Mei 1999 ushirika ukaita kura nyingine, mara hii ikiwa wazi kwa mpiga kura yeyote asiyekuwa mwanachama wa chama cha nje. Watu milioni 1.4 hivi walijitokeza, na Lagos akamshinda Andrés Zaldívar kwa asilimia 71. Chama cha Zaldívar ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi katika ushirika ule. Chumbani kisingekubali kumwachia mgombea wa chama kidogo. Mbele ya kura milioni moja na zaidi kiliinamisha kichwa. Januari 2000 Lagos aliupata urais kwa asilimia 51.3, ushindi mwembamba ambao usingewezekana lau Wakristo Demokrasia wangegoma.

Kisha wakubwa wa Concertación walichoka kuuliza. Mwaka 2009 walitaka Frei arudi. Kura ya mchujo ilipigwa tarehe 5 Aprili katika mikoa miwili tu, O'Higgins na Maule, kwa kanuni kwamba akishinda kwa tofauti ya zaidi ya pointi 20 mikoa mingine haitapiga kura kabisa. Alishinda hivyo, na mlango ukafungwa. Mbunge kijana wa Kisoshalisti, Marco Enríquez-Ominami, ambaye hakupewa nafasi ya kushindana, alikihama chama akagombea peke yake. Desemba alipata karibu asilimia 20. Januari 2010 Frei alishindwa na Sebastián Piñera kwa tofauti ya pointi tatu, na ushirika ulioongoza miaka 20 mfululizo ukatoka Ikulu. Ushirika uleule, nchi ileile, hata mgombea yuleyule aliyeshinda mwaka 1993. Kilichobadilika ni upana wa mlango.

Wala hakuna haja ya kusafiri mbali kwa kila ushahidi. Tarehe 1 Septemba 2007, wajumbe wa ODM walipiga kura Kasarani mbele ya kamera. Raila alipata 2,656, Mudavadi 391, William Ruto 368. Walioshindwa walibaki na kupiga kampeni bega kwa bega na mshindi. Ilikuwa kura ya wajumbe, na wajumbe huweza kupangwa. Hata hivyo kura hiyo pungufu ilifunga fundo imara kuliko mkataba wa 2012 uliotiwa saini kwa wino wa wakubwa.

Hoja za upinzani dhidi ya mchujo zinastahiki kusikilizwa moja moja. Ya kwanza ni ukabila: yasemwa kwamba kabila kubwa litameza mengine. Lakini chumbani huhesabiwa nini, kama si makabila? Kila mkubwa huingia akidai kwamba ana "watu wake" mfukoni, na madai hayo hayapimwi mahali popote. Kura ndiyo mizani yake. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwishatoa dawa: rais hachaguliwi mpaka apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kipimo kilichofaa kumpata rais hakiwezi kuwa kibaya kwa kumpata mgombea.

Ya pili ni fedha. Nchini Italia, Oktoba 2005, vyama vya mrengo wa kushoto vilipomtafuta kiongozi wa kupambana na Silvio Berlusconi, kila mpiga kura alitoa angalau yuro moja. Walijitokeza zaidi ya milioni 4, na Romano Prodi akachaguliwa. Mfuasi wa Afrika Mashariki ni maskini kuliko Mtaliano, lakini ndiye yuleyule anayechangia nauli ya lori la mkutano na kujishonea fulana ya chama. Kumwambia kwamba uwezo wake unatosha kushangilia na hautoshi kuamua ni kumtukana.

Ya tatu ni hofu. Visiwani hakuhitajiki maelezo marefu juu ya mtu kuogopa jina lake kuandikwa katika daftari. Venezuela nako palikuwa na watu walioandamwa kazini kwa sababu majina yao yalionekana katika orodha ya waliotaka Rais Hugo Chávez aondolewe. Februari 2012 ushirika wa upinzani ulipofanya mchujo, takriban watu milioni 3 walipiga kura, na Henrique Capriles akashinda. Mahakama Kuu ilipoamuru daftari za wapiga kura zihifadhiwe, waandaaji walikuwa wakizichoma moto ili asijulikane nani alikwenda. Hofu ilipatiwa kinga, haikufanywa kisingizio.

Ya nne ndiyo nzito: kwamba mchujo hauhakikishi ushindi wala uaminifu. Ni kweli. Capriles alishindwa na Chávez Oktoba 2012. Nchini Ufaransa, Januari 2017, Benoît Hamon alimshinda Manuel Valls katika mchujo wa mrengo wa kushoto. Valls alikuwa ameahidi kumuunga mkono mshindi, na miezi miwili baadaye akasema atampigia kura Emmanuel Macron. Mchujo haumgeuzi msaliti akawa mwaminifu. Unachofanya ni kumwondolea msaliti pa kujificha. Valls alipogeuka, kila Mfaransa alijua ni ahadi gani iliyovunjwa, ilitolewa lini, na kwa nani. Wakenya bado wanabishana juu ya yaliyoandikwa katika karatasi za 2002.

Na Venezuela ina somo la ziada. Oktoba 2023 upinzani ulirudia mchujo, watu zaidi ya milioni 2 wakapiga kura, na María Corina Machado akapata zaidi ya asilimia 90. Serikali ilimzuia kugombea. Ushirika ungeweza kusambaratika siku hiyo. Badala yake alimnyooshea kidole Edmundo González, mwanadiplomasia mstaafu ambaye wengi hawakuwahi kumsikia, na umma ukamfuata hadi katika uchaguzi wa Julai 2024. Amana iliyotoka kwa watu iliweza kukabidhiwa kwa mwingine bila ya kupotea, kwa sababu kila mtu alijua mwenyewe ni nani.

Basi masharti ya mchujo wa kweli si mengi wala si magumu. Tarehe itangazwe kabla ya majina, ili kanuni isishonwe kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Mkataba wa vyama usomwe hadharani, neno kwa neno, kwa lugha ambayo mvuvi na mkulima wanaielewa. Kura ipigwe kila mahali kwa siku moja, Wete kama Dodoma, Lamu kama Nakuru, wala isikatishwe mikoa miwili ikishasema. Na aliyeshindwa asiruhusiwe kugombea kwa mlango wa nyuma; Chile iliitia kanuni hiyo katika sheria yake ya mchujo ya mwaka 2012, baada ya kuumia.

Kenya inaelekea uchaguzi wa mwaka 2027. Kibaki na Raila wametangulia mbele ya haki, na wote wawili waliitumikia nchi yao kwa namna ambayo historia haitaifuta. Waliobaki watafanya vikao, watapigwa picha wakipeana mikono, na mmoja wao, kama ada, atapanda jukwaani kuuambia umma ni nani anayetosha. Tanzania nayo haitakosa ushirika mwingine wa vyama, wala ushirika huo hautakosa mgeni wa dakika ya mwisho mwenye jina kubwa. Siku hiyo raia asiitike upesi. Aulize kwanza chakula kimepikwa na nani, kimepimwa kwa kibaba gani, na kwa nini sahani yake bado ni tupu ilhali mpishi amekwisha kusema kwamba mgeni ameshiba.